Kilo Tatu za Mchanga

Jengo zima linasema mama yangu amekuwa mkali kama pilipili tangu augue. Wanasahau kusema walimfanya nini. Mimi nitasema, na sitajificha, kwa sababu aliyemfanyia kubwa kuliko wote ni mimi.

Miaka ishirini na sita mama alipiga pasi kwenye duka la dobi lililo kona ya mtaa wetu. Si hizi pasi nyepesi za majumbani. Ya pale dukani ni chuma cha kilo tatu, na mpigaji anasimama nayo tangu mlango unapofunguliwa. Mashati ya watu wa benki, sare za manesi, mashuka ya nyumba za wageni, yote yalipita mikononi mwake, hadi watu wakasahau jina lake wakawa wanamwita Mama Pasi. Halafu baridi yabisi ikamwingia kwenye vidole, viwiko na magoti. Asubuhi anaamka ngumi haikunjuki. Siku moja pasi ikamponyoka ikaunguza suruali ya mteja, na mwenye duka akamwambia akapumzike miezi mitatu. Akirudi, asimame na pasi tangu asubuhi hadi saa sita mchana bila kusaidiwa. Akiweza, kazi ni yake. Asipoweza, atampa mtu mwingine.

Dada wa mazoezi kule hospitali, mfupi, asiye na maneno mengi, hakumuuzia mama chochote.

"Mashine za nini, mama? Una kiti? Kaa, simama, mara kumi. Una taulo? Liloweshe, likamue. Beba maji, panda ngazi. Anza na kidogo, ongeza kidogo kila wiki. Maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, ujue umepitiliza. Viungo vikivimba na kuwaka moto, punguza. Lakini usikae tu. Ukikaa, nguvu zinakwenda."

Mama akatii. Asubuhi anachovya mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, vidole vikikubali anakamua taulo, halafu anashuka na dumu la lita tano kwenda kuchota maji bombani. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Vita ilianzia ngazini.

"Shikamoo mama! Lete nikupokee."

"Marahaba. Niache nibebe mwenyewe."

"Haiwezekani mama, watu watanionaje?"

Na dumu limeshakwenda! Kinyozi wa chini alilinyakua, mpangaji mpya alilinyakua, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu kuliko ya mama naye alilinyakua. Dumu linafika mlangoni kabla ya mwenyewe, na mama anapanda nyuma yake mikono mitupu, anatukana kimoyomoyo. Wiki ya pili uvumilivu ukamwishia. "Mimi maiti, mpaka mnibebee?" alimfokea mwalimu, na sauti ikafika barabarani. Tangu hapo wakaanza kusema kachanganyikiwa. Nilikasirika. Mtu anaomba aachiwe mzigo wake, nyinyi mnamwita kichaa?

Kaka yangu naye akapiga simu kutoka huko alikohamia. "Mama, we pumzika tu. Umefanya kazi ya kutosha." Mama akamuuliza nani kampa ruhusa ya kumstaafisha, akakata simu.

Akaachana na ngazi. Akasema atafanyia ndani, mlango umefungwa, na safari hii atafanya na uzito wa pasi yenyewe. Mafundi wa nyumba inayojengwa jirani wakatupa mchanga bure, nikautia kwenye mfuko wa turubai. Vidole vyake havikuweza kufunga fundo, kwa hiyo kuongeza mchanga na kufunga ikawa kazi yangu. Tulianza na kilo moja. Kila Jumapili niongeze robo, mpaka zitimie tatu.

Sasa niseme nilichofanya. Nilikuwa namsikia akiguna. Anausukuma mfuko juu ya meza, mbele na nyuma, anaunyanyua, anaushusha, na uso umekunjamana kwa maumivu. Jumapili mbili za kwanza niliongeza sawasawa. Ya tatu niliingiza mkono mfukoni nikautoa bila kuongeza kitu, nikafunga, nikasema tayari. Na zote zilizofuata nikafanya hivyo hivyo.

"Tumefika ngapi?"

"Mbili na nusu, mama."

"Unaona? Naunyanyua kama mto!" Akacheka, nami nikacheka naye. Roho iliniuma, lakini nilicheka.

Siku ya majaribio akavaa gauni lake la kazi, akatoka kifua mbele. Saa nne alikuwa amesharudi. Mkono ulimkatalia katikati ya shuka, na mwenye duka akamchukulia pasi mkononi mbele ya wateja. "Pole mama, umejitahidi."

Hakulia. Alikaa akiutazama ule mfuko mezani. "Uzito wa pasi ile naujua," akasema. "Huu sio." Akaukwapua, akashuka nao hadi kwa muuza nafaka, akaomba aupime. Nilibaki nimesimama jikoni. Aliporudi, hakuna hata mmoja ngazini aliyethubutu kumpokea.

"Kilo moja na nusu."

"Mama, nilikuwa nakuhurumia."

"Huruma?" Akaubwaga mfuko sakafuni, mchanga ukamwagika mpaka chini ya kitanda. "Yule kaninyang'anya pasi leo, mara moja, tena watu wanaona. Wewe umeninyang'anya kila Jumapili huku unanichekea!"

Akanituma kwa mwenye duka, peke yangu, nikamweleze kila kitu. Nilieleza mbele ya wateja watatu, uso unaniwaka kwa aibu. Mwenye duka akakuna kichwa. "Wiki sita. Nitaweka kibarua wa muda. Zikiisha aje ajaribu tena. Akishindwa, usinirudie hapa."

Wiki sita hizo sikuruhusiwa kuugusa mfuko. Fundo alilifunga kwa meno. Kila robo aliyoongeza aliipeleka ikapimwe. Siku viungo vikiwaka anapunguza huku analaani, vikipoa anaendelea. Yeye anaguna, mimi nimekalia mikono yangu, nimejikasirikia.

Wiki sita zilipoisha, Jumatatu akaenda tena. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Nikashindwa kuvumilia, nikashuka mbio hadi dukani. Alikuwa mezani, jasho linamtiririka shingoni, vidole vimevimba, pasi inakwenda na kurudi juu ya sare ya nesi. Mwenye duka alikuwa kaunta akiandika risiti, wala hamtazami.

"Umefuata nini?" mama akauliza.

"Saa sita imepita, nikadhani..."

"Najua ulichodhani." Hakuinua uso. "Rudi nyumbani ukapike. Mimi natoka saa kumi."