Sista Ipi na Kikanisa cha Viti Vitupu

Alizaliwa msimu wa mvua kubwa, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, na kabla hajajua kufunga kamba za viatu alikwisha kuwachosha wote wawili kwa maswali. Mteja akikereka, baba humwambia, "Mwache, kuuliza si ujinga." Katika mafundisho ya komunyo ya kwanza alitaka kujua kwa nini Mungu, ajuaye yote, alimwuliza Adamu yuko wapi. Katekista akamtoa nje. Amesimama pale ukutani, kama alivyosimulia baadaye, jibu likamjia: Mungu aliuliza ili Adamu ajisikie mwenyewe akijibu. Wito wake aliuhesabu tangu ukuta ule.

Alipokwisha kuweka nadhiri, alitumwa kuwalea wanafunzi waumini wa chuo cha ufundi, waliosalia wachache katika kikanisa chenye viti vingi kuliko watu. Mkuu wa chuo alikwisha kutamka kwamba muhula ukiisha hali ikiwa ile ile, kikanisa kitageuzwa stoo ya vipuri. Mwenyekiti wa wanafunzi, kijana wa darasa la umeme, akaleta mpango wa spika mpya na soda za bure. Sista alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamsalimu upya.

"Habari za chumbani kwako?"

"Nzuri, Sista."

"Ipi?"

Kijana alicheka. Sista hakucheka. "Na mwenzako mnayekaa chumba kimoja, nzuri yake ni ipi?"

"Sista, nimekuja na mpango wa ibada, wewe unanihoji kama polisi!"

Akaondoka, na karibu wanafunzi wote wakamfuata, wakaacha kuja kanisani. Jumapili iliyofuata Sista aliimba na mfagizi tu, sauti mbili zisizopatana, na kuliandika hilo kunaniuma. Mama Mkuu wa shirika alikuja kumsihi apunguze ukali. Sista akainamisha kichwa kwa utii, akauliza, "Mama, nina neno moja tu. Nipunguze wapi?"

Lakini neno lilikwisha kumchoma mwenyekiti. Alimsalimu mwenzake, akajibiwa "nzuri" kutoka chini ya blanketi, naye kwa mara ya kwanza akasema, "Ipi?" Kumbe mwenzake huyo alifiwa na mama yake muhula ulipoanza, na hakumwambia mtu. Walilia pamoja. Jumapili wakaja wote wawili, na neno likatembea mabwenini, karakanani hadi kwenye foleni ya chakula. Mkuu wa chuo alipokuja kuchukua funguo, alikosa pa kukaa.

Wapo wasemao Sista alisoma mioyo. Mwenyewe aliwatania: "Nasoma macho. Mioyo ina mwandiko mbaya."

Miaka baadaye, figo zake ziliposhindwa kazi, mwenyekiti yule, sasa mwalimu wa chuo hicho hicho, aliwaleta wanafunzi kitandani pake. "Habari, Sista?" "Nzuri," alinong'ona, kama tujibuvyo sote hata meno yakituuma. Ndipo msichana wa mwaka wa kwanza akauliza, "Ipi?"

Sista alifumbua macho, akamtazama kwa furaha iliyo wazi.

"Hiyo," akasema, na hakusema tena.

Basi, ndugu mwamini, huna haja ya kungoja ndoto wala sauti kutoka mbinguni ili umfuate Sista. Kesho jirani yako atakuambia nzuri. Usiondoke.