Pazia la Dirisha la Magharibi

Mama alipofariki nilimtoa baba Bujonde nikamleta kwangu, Kyela mjini. Akaja na mila ambayo wengi siku hizi wameshaiacha: mwanamke haonani ana kwa ana na baba wa mumewe. Mke wangu hakunung'unika. Akisikia kikohozi cha baba sebuleni, alizungukia mlango wa uani.

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa televisheni. Jua la alasiri lilipita dirishani, nyuma ya kiti cha baba, likatua kwenye kioo, na watangazaji wakabaki vivuli. Najijua, nikishika jambo siambiliki. Nilitupa waya za zamani, nikaunganisha king'amuzi kwa waya wa HDMI, nikaingia kwenye mipangilio nikapandisha ubora wa picha. Mwisho nikashonesha pazia zito nikaziba dirisha lote. Picha ikatulia, hata vifungo vya shati la mtangazaji ungeweza kuvihesabu. Nikaita majirani waje waone.

Baba alisema, "Ndaga fijo, mwanangu," basi. Asante hiyo niliiona ndogo, nikanuna.

Wiki kama tatu baadaye akaniita. "Lile pazia litoe."

"Baba, mwanga utarudi kwenye kioo."

"Urudi. Tangu uzibe dirisha sijamsikia mkwe wangu akicheka."

Sikumwelewa. Nikatoka, nikazunguka nyumba. Chini ya dirisha palikuwa na matofali yaliyopangwa yakawa kiti, na kipande cha khanga kimekunjwa juu yake. Kumbe mke wangu alikaa hapo kila alasiri na ungo wake wa mchele, akitazama tamthilia kupitia nyavu, nyuma ya mzee ambaye kwa heshima hakugeuka hata siku moja. Majani yalishaanza kuota pale alipozoea kuweka miguu.

Niliona aibu, na mpaka leo ninaiona. Mtu asiyewahi kumtazama mke wangu usoni alijua mahali anapokaa na alijua kwamba amenyamaza. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikujua lolote.

Nikalishusha pazia, nikaenda nalo jikoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

Hakuacha kupepeta. "Ulikuwa umefurahi sana na picha yako," akasema.