Dobi na Gauni Lililoungua

Kwa miaka kumi na tisa dobi yule alifua kanzu nyeupe za ubatizo za kanisa, akazipiga pasi na kuzitundika kwa mpangilio, na hata siku moja hakuvaa mojawapo. Wateja walimtania kwamba anawaandaa wenzake kwenda mbinguni huku yeye kajibanza nyuma ya pasi. Alicheka nao, maana angesema nini? Kilichomzuia alikijua mwenyewe.

Mwaka huu, kichwa kikiwa cheupe tayari, alijipa moyo akaenda kwa mchungaji. Mchungaji hakuwa mtu wa kuremba maneno.

"Usipotubu, maji yatakulowesha tu. Nani umemkosea, na umemwambia?"

Hapo ndipo dobi alipoyamwaga yote. Zamani, yeye na mdogo wake wakimfanyia kazi tajiri mmoja mwenye duka la kufulia, aliacha pasi ya moto juu ya gauni la harusi akatoka nje kupiga soga. Tajiri alipokuja juu, yeye, kaka mtu, alimnyooshea kidole mdogo wake. Mdogo mtu akafukuzwa siku hiyohiyo, na tangu hapo hakupata tena kazi ya maana.

Jumamosi alikwenda kwa mdogo wake, akamkuta kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza, mkewe akimnywesha supu. Dobi akapiga magoti.

"Lile gauni niliunguza mimi. Nilikusingizia."

Mgonjwa alitabasamu kwa nusu mdomo. "Kaka bwana! Hujachoka tu kunibeba? Niliunguza mimi, kila mtu anajua. Mimi kila nikigusacho naharibu."

"Nisikilize, mdogo wangu..."

"Yameisha, kaka."

Haikumwingia mdogo mtu. Uongo ule alikuwa ameishi nao mpaka ukawa wake. Dobi alilia kwa uchungu.

Shemeji yake alimsindikiza mlangoni, bakuli mkononi. "Mimi nimesikia, shemeji," alisema. "Miaka yote hii nimemwita mzembe mbele ya wanangu."

Akafunga mlango taratibu.

Jumapili dobi aliingia majini na kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe. Alizamishwa, akainuka, waumini wakashangilia. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa mdogo wake, aliyeomba aletwe, akijipiga pajani kwa mkono wake mmoja mzima, machozi ya furaha yakimtoka. Mkewe, kando yake, hakupiga makofi.