Nimemmwagia Bibi Mhindi Ndoo Nzima

Jamani, leo nusura nifikishwe kwa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya!

Mnajua namuuguza yule bibi Mhindi wa dukani, hapa Tunduma.
Mchana akaanguka ghafla. Kafumba macho, hajibu.

Mwanawe, aliyefika jana tu, akapiga magoti kando yake akiita: "Maji! Maji!"

Mimi huyo, mbio mtungini! Nikarudi na ndoo, nikammwagia bibi yote.

Mwanawe akanikamata mkono. "Unamuua mama yangu?"

"Si umesema maji?"

"Kwa lugha yetu maji ni mama!"

Weee!

Mara bibi akakohoa, akafumbua jicho moja. Akamwambia mwanawe, kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Wewe umeniita tu. Huyu ndiye ameniamsha."

Sasa semeni: kesho mwanawe akiita tena "Maji!", nibebe ndoo au nikae?