Alama Nyekundu Niliyoifuta

Nilikuwa na meza moja ndani ya gereji ya baba yangu, mtaa wa Buyenzi, kati ya fundi wa kunyoosha bodi za magari na fundi wa betri. Wao walitengeneza magari, mimi nilitengeneza kompyuta, na mtaa mzima ulinicheka kwamba nimekimbia grisi. Waliacha kunicheka pale vijana wa Bujumbura walipoingiwa na wazimu wa michezo ya kompyuta. Vita ilikuwa imetimiza miaka minane. Kijana hakwenda kucheza mpira mtaa wa wengine, ufukweni Kajaga hakukwendeka kila siku, na jua likianza kushuka kila mtu alitaka awe kwake. Kilichobaki ni kukaa mbele ya skrini na kuendesha gari lisilokutana na kizuizi cha barabarani.

Mashine mpya hakuna aliyeimudu. Walijiunganishia kipande kwa kipande, kutoka kwenye mizigo ya mitumba iliyopitia Dubai na Dar. Kipande kilichowatesa kuliko vyote ni carte mère, ule ubao mkubwa ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake. Prosesa ya bei ndogo unaweza kuisukuma ikimbie kuliko kasi iliyoandikiwa kiwandani, lakini ubao ukiwa dhaifu mashine inaganda katikati ya mchezo, au inaungua kabisa. Ndiyo maana waliniletea niukague kabla ya kununua.

Sijisifu, ila kukagua nilijua. Nilianza kwa macho: vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, kimoja kikivimba kichwani hata kidogo, ubao huo ni mgonjwa. Kisha nilinusa, maana ubao uliowahi kuungua haupotezi harufu hata ukioshwa. Nilitafuta mikwaruzo ya bisibisi karibu na mahali pa prosesa, dalili kwamba mtu mwenye haraka amepita hapo. Halafu niliuwasha, nikauachia mchezo mzito ujiendeshe wenyewe tangu adhuhuri mpaka alasiri, kidole changu kwenye chuma cha kupozea prosesa, testa ikinisomea volti. Ubao mbovu volti zake hushuka mchezo unapokolea. Ulio mzima husimama. Ukisimama nilianza kuusukuma: napandisha kasi kidogo, nangoja, napandisha tena, mpaka ugande. Hapo narudi hatua mbili nyuma, na ndipo ninapojua kimo chake.

Uliofaulu niliuwekea tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye pembe. Rangi ilikuwa ya mke wangu, ila mtindo ulikuwa wa baba. Yeye alitia rangi kila bolti aliyokwisha kuikaza, ajue kama mkono mwingine umeigusa. Ubao wenye alama yangu uliuzika bila maswali. Nilijivunia tone lile kupita kiasi. Niliwahi kuukataa ubao wa shemeji yangu mwenyewe, mbele ya watu, na hakusema nami Ramadhani nzima.

Kati ya wateja wangu alikuwapo kijana mmoja wa mtaa wa Carama, mwanafunzi wa chuo, mpole, asiyependa vitu vyake viguswe. Aliniita grand, yaani kaka mkubwa. Mwaka mzima alikuwa anajenga mashine yake, na kila kipande alichokipata alikifunga kwa gazeti kama yai. Alisimama kando ya meza yangu siku nyingi akiniangalia, mpaka akajua kukagua karibu sawa na mimi. Kilichobaki ni ubao, na alitaka ubao utakaokubali kusukumwa.

Hakuja peke yake. Alifuatana na rafiki yake wa nyumba ya pili, yatima aliyelelewa na dada yake tangu mwaka wa kwanza wa vita. Huyu kompyuta hazikumhusu ndewe wala sikio. Aliketi juu ya tairi bovu, akala karanga, akawatania mafundi wote na mimi zaidi. Siku moja nilikuwa nimeshika chupa ya rangi, natia alama, rouge kama vijana walivyoiita, akaninyooshea kidole gumba.

"Grand, na mi unikague," alisema. "Uniwekee rouge, niuzike."

Nilikuwa na kazi nyingi na hasira zangu za kila siku. Nikamwambia aondoe mkono, vipande visivyo na kazi sivikagui. Mafundi walicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Wiki ile ile akaacha kuonekana. Nilipomuuliza kijana wa Carama, alitazama chini akasema mwenzake amesafiri. Miaka ile ukiambiwa kijana amesafiri, hukuuliza kwa basi gani. Nilielewa kwamba ameenda msituni kushika bunduki.

Ubao wenyewe ulikuja miezi miwili baadaye. Mfanyabiashara wa mtaani kwetu aliniachia niukague, na kijana wa Carama akaahidi kupita alasiri. Sijawahi kukutana na ubao kama ule. Vikopo vilikuwa vimesimama sawasawa kama vilivyotoka kiwandani. Niliusukuma asubuhi nzima, ukashika. Nikapandisha tena nikijua nimezidisha, ukashika. Nilifurahi peke yangu kama mjinga, nikatia tone langu jekundu pembeni, nikaukalisha mezani ukauke.

Mama wa yule kijana alifika kabla rangi haijakauka. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, amevaa viatu vya kazini vilivyojaa vumbi, na kwanza aliniomba radhi kwa kunisumbua. Akanieleza kwamba yule rafiki na mwingine walikwisha kuja uani kwao mara mbili kumchukua mwanawe aende nao msituni. Mara zote mbili mwanawe aliwajibu kwamba anamaliza mashine kwanza. Tangu utoto, mama alisema, huyu hakuacha kitu nusu. Alimaliza sahani hata akiwa ameshiba, na alikwenda mtihani siku ambayo risasi zilisikika mpaka darasani. Sasa alikuwa amemwambia mama yake, kwa utulivu kama mtu anayetaja siku ya soko, kwamba mashine ikikamilika na akaiona inakimbia, ataondoka.

"Fundi, mi sikuje kuomba bei," alisema. "Niko naomba useme ile carte ni mubaya."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamsimulia habari za baba na bolti zake, na za shemeji yangu, maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba. Kisha akauliza ninajuaje kwamba ubao ni mzima. Nami, kwa kupenda kusikika, nikamweleza: unausukuma mpaka uone kama utashika.

"Basi mi wangu namujua," alisema. "Wakimusukuma kule, hatashika."

Hakulia. Angelia ningepata la kufanya, ningemtafutia maji. Aliketi tu juu ya lile tairi, akiutazama ubao ambao hakujua hata upande wake wa juu. Nikaenda kwa fundi wa bodi, nikachovya kitambaa kwenye tina anayoyeyushia rangi, nikarudi nikaifuta alama. Mama akainuka, akasema Mungu anibariki, akarudi kazini kwake.

Alasiri kijana alikuja. Nikamwambia vikopo viwili vimeanza kuvimba, na ubao ule utamuunguzia prosesa yake. Aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya vikopo kimoja kimoja kama nilivyomfundisha. Alipofika kwenye pembe kidole kilisimama. Mimi nilikaza macho kwenye bisibisi.

"Sawa, grand," alisema. "We ndiye fundi."

Aliurudisha mezani taratibu, akaenda zake. Sikutaka mali ya mfanyabiashara ipate jina baya kwa ajili ya uongo wangu, kwa hiyo niliununua mimi mwenyewe, nikaufunga kwa kitambaa na kuutia kwenye droo ya chini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi mitano. Kila Jumamosi kijana aliniletea ubao mwingine, na nyingi, namshukuru Mungu, zilikuwa mbovu kweli. Mmoja tu ulikuwa mzima. Niliukataa nao, na maneno yalitoka kirahisi kuliko mara ya kwanza, na hilo lilinitia hofu. Nilianza kutoiamini mikono yangu. Ubao wa mteja nilioumaliza niliurudia mara tatu kabla ya kuutia alama. Nyumbani nilikuwa mkali bila sababu, na msikitini niliposimama kando ya baba sikuthubutu kurefusha dua. Milio ya risasi ikisikika upande wa Carama, kesho yake nilifanya kazi huku nikiiangalia barabara mpaka nimwone. Nikimwona nilipumua, halafu nikaanza kuogopa kwamba siku moja ataligundua jambo lile, atanitemea mate mbele ya gereji nzima, na kutoka hapo ataondoka kwa hasira kwenda kule kule. Ningekuwa nimepoteza jina langu na mtoto wa watu kwa mkupuo mmoja.

Mama yake nilimwona mara moja tu, sokoni. Tulisalimiana kama watu wasiofahamiana.

Kisha habari ikaja kwamba yule rafiki amekufa. Dada yake aliletewa ujumbe na mtu ambaye hakutaka kukaribishwa ndani. Hapakuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo watu walikaa matanga uani, bila kaburi. Nilitamani kwenda nikashindwa. Barabara ya kule haikuwa salama siku zile, na hicho ndicho kisingizio nilichompa mke wangu.

Matanga yalipokwisha, kijana wa Carama alikuja, siku ya kazi, asubuhi, mikono mitupu. Alikuwa amenyoa kichwa. Hakuketi.

"Grand, toa ile carte," alisema.

Nikamuuliza ipi.

"Ile ulifuta rouge."

Nilifungua droo nikauweka ubao mezani ukiwa bado kwenye kitambaa chake, nikaanza kuomba radhi, lakini aliinua mkono ninyamaze. Akaniambia alijua siku ile ile. Kwenye pembe palibaki wekundu kidogo, na ubao ulinuka tina. Vikopo vyote vilikuwa sawa. Alijiuliza imekuwaje mtu aliyemkatalia shemeji yake aje kumdanganya yeye, na jibu akalipata kabla hajafika nyumbani: mama yake alikuwa amepita pale. Jumamosi zilizofuata aliniletea mbao mbovu kusudi, akizichagua yeye mwenyewe. Ule mmoja mzima aliniletea anijaribu, aone kama bado ninashika.

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Miezi mitano nilikuwa nimebeba mzigo ule nikidhani niko peke yangu, kumbe mwenzangu ameushika upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliichukua testa, akazikunja nyaya zake polepole, akazikunjua tena.

"Mi nilikuwa naogopa kwenda," alisema. "Na kusema naogopa, nilikuwa naogopa zaidi. Wakija nawaambia fundi amekatala. Kila samedi nilikuwa naomba Mungu ukatale tena."

Nikasema alhamdulillahi, angalau yeye yupo. Akatikisa kichwa.

"Mwenzangu hakukuwa na mutu wa kumukatalia."

Alikuwa ameiacha mashine yake kwa fundi wa betri tangu alipofika, akaileta. Tukafunga ubao pamoja, tukauwasha, tukaweka mchezo ujiendeshe wenyewe. Hakuna aliyecheza. Tuliusukuma mpaka pale nilipoufikisha mara ya kwanza, na ukashika mpaka adhana ya adhuhuri. Alikuwa amepata kitu alichokitafuta mwaka mzima na zaidi, na alikuwa anakiangalia kama mtu anayeangalia mvua.

Mwishowe akaniomba niirudishe alama pembeni, mahali pake pa zamani. Nikaitoa chupa, nikaitikisa, nikaifungua. Rangi ilikuwa imeanza kuganda na brashi ikatoka nzito. Mbele yangu lilikuwa lile tairi bovu, na hapakuwa na mtu juu yake, na mkono wangu ukagoma. Kijana akaningoja. Huyu mama yake alijua njia ya kuja kuniomba. Yule mwingine hakuwa na mama, basi alikuja kuniomba mwenyewe nimkague, akicheka, kidole gumba kimenyooshwa, na chupa ilikuwa wazi mkononi mwangu.