Jirani Aliyemshikia Mwizi Boneti

Betri ya pikapu yangu iliibiwa mchana, uani kwetu katika mtaa wa Bulla Pesa, nikiwa jikoni nakaanga vitunguu. Nasema mchana kwa sababu kila niliyemweleza aliniuliza kama nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa karibu na gari kiasi kwamba ningeweza kumsikia mtu akikohoa, ila shuka za jirani zilizoanikwa kwenye kamba zilinizuia kuliona.

Na wala haukuwa wizi wa kwanza. Vioo vya pembeni viling'olewa nikiwa sokoni, gari limeegeshwa mbele ya duka lenye mlinzi. Mlinzi aliniambia bila wasiwasi kwamba yeye analinda duka, si magari. Nikanunua vingine, nikavichora namba ya gari, na hivyo pia vikaenda. Petroli ilifyonzwa kwa mpira. Kitasa cha mlango wa dereva kilichokolewa kikaharibika, tangu hapo mlango ukawa haufungiki. Nilimwendea mwenye ploti tuliyopanga, mzee mpole ambaye babu yake alikuja Isiolo na jeshi la mkoloni, nikamwomba aweke komeo kwenye geti.

"Mama, ploti hii ni ya watu wazuri," akanijibu.

Hao watu wazuri ndio waliokuwa wakiacha geti wazi kutwa nzima.

Basi siku hiyo, baada ya chakula, nilitaka kupeleka marobota ya mitumba mtaa wa Wabera. Nikazungusha ufunguo, gari likanyamaza. Nikafungua boneti. Mahali pa betri palikuwa safi, vumbi limezunguka pembeni, na nyaya zinaning'inia. Nikamwita jirani yangu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia. Mlango wake unatazamana na gari langu.

"Dada, hukuona mtu hapa?"

"Niliona fundi yako."

"Fundi gani?"

"Ule wa ovaroli ya bluu. Aliingia akasema salaam aleikum, nikamjibu. Akaomba maji, nikampatia."

"Halafu?"

"Halafu akafungua gari. Si ile chuma ya kushikilia boneti ilivunjika? Akaniambia nimshikie."

Nilimtazama nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Ukamshikia."

"Mtu anafanya kazi yako, nitakataa aje? Hata nilimwambia afanye haraka, mkono inaniuma."

Nilirudi ndani nikakaa kitandani. Kama angekuwa ameiba yeye mwenyewe, ningejua pa kuanzia, lakini mtu aliyemkaribisha mwizi wako, akampa maji, akamshikia boneti, kisha akakueleza yote kwa moyo mweupe, utamgombezaje? Hata hivyo nilitoka nikamgombeza. Sauti yangu ilisikika hadi barabarani. Yeye alianua shuka zake, akazikunja polepole, akafunga mlango. Kwa siku kadhaa tulipishana uani bila salamu.

Mzee mwenye ploti aliitisha mkutano wa wapangaji. Safari hii komeo likawekwa, na tukakubaliana kwamba fundi yeyote asiguse gari kama mwenyewe hayupo. Jirani yangu alisikiliza yote akiwa ameegemea ukuta.

"Kwa hiyo mtu akikuja hapa, mimi nimfukuze?" akauliza.

"Umfukuze," nikamjibu mimi, kwa hasira. "Na ukishindwa, upige kelele."

Nilipopata betri nyingine, nilimwomba fundi wangu halisi aje aifunge. Ni mwanamume mkimya wa mtaa wa Chechelesi, amenitengenezea magari kwa miaka, lakini huko huko kwake. Alikuwa atangulie na betri, nami nimfuate nikimaliza na mteja. Nilimpigia jirani kumwarifu. Simu yake haikupatikana.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa getini. Nilipenya kwa viwiko. Fundi wangu alikuwa ameketi chini kando ya gurudumu, shati limechanika begani, spana zake zimetawanyika. Wanaume waliokuwa wamemzunguka walikuwa na mawe mikononi. Na mbele yake, mikono ameitanua, alikuwa amesimama jirani yangu.

Ni yeye aliyekuwa amepiga kelele. Lakini umati ulipoingia na mawe, alitoka akajiweka katikati.

"Nimesema hakuna mtu atamgusa," alikuwa akiwaambia. "Mwenye gari akuje kwanza."

Aliponiona, hakushusha mikono.

"Ni huyu?"

"Huyu ni fundi wangu," nikasema.

"Ule wa kweli?"

"Wa kweli."

Watu wakaanza kuondoka, wengine wakinung'unika kana kwamba nimewanyang'anya kitu. Mwenye jiwe kubwa kuliko wote aliliweka chini kwa uangalifu, akajipangusa mikono, akaniuliza kama gari nauza. Nikampa mgongo. Nilikuwa nimekasirika bila kujua nimkasirikie nani: mwizi, mzee, jirani, au hao waliokuwa tayari kumuua mtu kwa ajili ya betri aliyoileta mwenyewe.

Jirani yangu alimletea fundi kikombe cha maziwa. Fundi akakikataa kwa kichwa. Jirani akabaki ameinama na kikombe mkononi hadi kikapokewa.

"Pole," akamwambia. "Ungekuja pamoja na yeye."

Fundi aliifunga betri. Jirani alimshikia boneti, mara hii mimi nikiwa nimesimama pale pale, na hakuna kati yetu aliyethubutu kutabasamu. Fundi alipomaliza alikusanya spana zake, akanipa ufunguo.

"Mama, mtaa wenu uko na ulinzi mzuri," akasema. "Mimi hapa sirudi."

Na hajarudi. Gari likiharibika, nalikokota hadi kwake Chechelesi kwa kamba.