Baba Ameingia

Wasee, leo nimejiona nikiingia kwangu, na sikupenda.

Nimetoka kazini mchana nikapata watoto wa ploti yetu Kabiria wakicheza kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, nyuma ya tangi la maji. Binti yangu Akinyi, miaka sita, ndiye baba. Brian wa jirani ndiye mama. Amejifunga leso, anasonga ugali wa matope.

Nilitaka kumfokea Brian. Kijana mzima na leso?

Kabla sijafungua mdomo, Akinyi akafika kwa mlango wao wa gunia, akakohoa. Kikohozi changu kabisa!

Brian akanong'ona, "Zimeni TV. Baba ameingia."

Wale wadogo wakatawanyika. Hakuna aliyecheka.

Nikamuuliza Akinyi, "Mbona wanakimbia?"

"Si baba amekasirika?"

"Amekasirishwa na nani?"

Akanishangaa. "Hakuna mtu. Ni baba tu."

Na mimi ndiye humwambia kila siku ahesabu mpaka kumi kabla hajampiga ndugu yake!

Nikaondoka. Sasa niko saiba hapa Hurlingham, nawaandikia kwa kompyuta ya kulipia. Nyumbani sijarudi.

Hebu niambieni ukweli: nyinyi mkikohoa mlangoni, nani huzima TV?